Pongezi kwa Fundi wa Mabango

Kabla sijashika kompyuta, herufi nilifundishwa na fundi wa mabango. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akahesabu herufi, ndipo akachovya brashi. Alinionyesha kwamba O ikilingana kabisa na H huonekana fupi, hivyo huzidishwa kidogo juu na chini. A na V husogezwa karibu, zisiachiane pengo. Akikosea herufi moja ya ZAHANATI, ukuta hupakwa upya kwa gharama yake. Yote hayo juu ya ngazi, jua la utosini.

Leo programu hunifanyia mengi, lakini jicho alinipa yeye. Ukifika zahanati bila kuuliza njia, kuna mtu alikuandikia. Ukimkuta ngazini, mpe shukrani yake.