Mkato Mnyoofu, Vidole Kumi

Fundi wa grenda anayeijua kazi yake hutambulika kabla hajawasha mashine. Mtazame anapofika mbele ya ukuta wa tofali za saruji unaotakiwa kupitishwa bomba la nyaya za umeme. Hagusi swichi. Anaugonga ukuta kwa kiganja, anauliza nyaya za zamani zimepita wapi, anashusha timazi, anapiga mistari miwili ya penseli. Anazima umeme wa chumba kile na kuvuta wa mashine yake kutoka kwingine. Anafagia kokoto zilizo miguuni pake, kisha anamwambia saidia fundi asimame upande, si nyuma yake. Kwa mwenye nyumba aliyeegemea mlango huku akitazama saa, huo ni uvivu. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo.

Tumezoea kuuzungumzia usalama kama jambo la pembeni: kofia, buti, bango la saiti lenye maandishi mekundu. Ukimtazama fundi hodari kwa utulivu, utaona kwamba hajui kutenganisha usalama na kazi. Kila anachofanya ili mkato unyooke ndicho kinachomrudisha nyumbani na vidole vyake vyote, na kila njia ya mkato anayoikataa ingemharibia jiwe kabla ya kumharibu yeye.

Kukata mawe si jambo jipya kwetu. Waliojenga Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, walichonga matumbawe kwa vyuma vya mkono. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini walikuwa wakiyachonga yangali mabichi, kisha yakawa magumu kwa hewa. Kazi ile ilienda kwa mwendo wa mkono, na kosa lake lilikuwa la ukubwa wa mkono. Umeme umebadilisha vyote viwili, mwendo na ukubwa wa kosa.

Grenda yenyewe bado changa. Mwaka 1954 kampuni ya Ackermann + Schmitt ya Steinheim, Ujerumani, ambayo leo inafahamika kwa chapa ya FLEX, ilitoa grenda ya kasi kubwa yenye kichwa cha pembe, ndiyo mzazi wa hizi tunazoziona kwenye kila saiti. Desemba ya mwaka huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, mkemia Tracy Hall wa General Electric alifanikiwa kutengeneza almasi maabarani kwa joto na mgandamizo mkubwa. Watu hao hawakuwa wakifanya kazi pamoja, lakini kazi zao zimekutana mkononi mwa fundi wetu. Diski nzuri ya kukatia zege imejaa chembe za almasi, na almasi hizo kwa kawaida ni za kiwandani, si za mgodi wa Mwadui.

Sasa tazama kasi. Diski ya milimita 115, ambayo mafundi huiita ya inchi nne na nusu, huruhusiwa kuzunguka hadi kama mara 13,300 kwa dakika. Ya milimita 230, ya inchi tisa, ni nusu ya hapo, kama mara 6,600. Hesabu zinatofautiana kwa sababu diski hazilingani upana, lakini ukingo wa kila moja unakimbia sawa na wa mwenzake: mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Hakuna basi la mkoani linalofikia hata nusu ya mwendo huo, na ukingo huo uko sentimita chache kutoka kwenye kidole gumba.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utajua kwa nini fundi makini husoma maandishi ya diski kabla ya kuuliza bei. Kasi iliyoandikwa kwenye diski lazima ilingane na ile iliyo kwenye kibati cha mashine au iizidi. Wapo wanaong'oa kinga ili grenda ndogo imeze diski ya milimita 180. Mashine hiyo ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo utafika karibu mita 104 kwa sekunde, wakati diski imetengenezwa kwa 80. Ikipasuka, vipande vitatawanyika kwa kasi hiyohiyo, na kinga iliyokuwa ivizuie iko kwenye ndoo ya misumari. Wapo pia wanaofunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grenda. Huo hauna nafasi kabisa kwenye mashine hii.

Diski zenyewe ni somo. Zile nyembamba za gundi na chenga, zenye wavu ndani, huzeeka hata zikiwa dukani. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati imechapwa tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi hudhoofika, hasa kwenye unyevu. Diski ya almasi hufanya kazi kwa namna nyingine. Chembe zake zimeshikwa na chuma, na chuma hicho kinatakiwa kiliwe polepole ili almasi zilizochoka zidondoke na mpya zijitokeze. Hapo pana jambo linalowachanganya wengi: jiwe gumu linataka diski yenye chuma laini, na jiwe laini lenye mchanga mwingi linataka chuma kigumu. Ukikosea, ama diski itaisha kwa siku moja, ama itang'aa ukingoni na kukataa kukata. Fundi asiyejua huanza kuikandamiza. Anayejua huichomoa kwenye jiwe, akaipitisha mara chache kwenye tofali la mchanga na saruji, chuma kikalika na almasi zikatokeza tena.

Akishafunga diski, huiacha izunguke bure kwa kama dakika moja, ameielekeza pasipo na mtu, akiisikiliza. Mtikisiko au mlio usio wa kawaida unatosha kumfanya aizime na kuifungua upya. Na kila anapobadilisha diski, plagi iko nje ya soketi.

Mkato wa kwanza ndio unaopendeza kutazama. Mikono yote miwili imeshika, mmoja kwenye mwili wa mashine, mwingine kwenye mpini wa pembeni. Diski inafika kasi yake kamili kabla ya kugusa jiwe. Inapogusa, inachora tu: milimita mbili au tatu, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Mfereji huo mdogo ndio utakaoiongoza mikato inayofuata, na kila mmoja unashuka kidogo zaidi. Fundi hasukumi, anaiachia mashine uzito wake. Akiona ameanza kupinda, hajaribu kuinyoosha diski ikiwa ndani ya jiwe, anatoka na kuingia upya.

Subira hiyo ina sababu ya kimwili. Diski ikibanwa, kwa kupindishwa au kwa kipande kilicholegea kuielemea, nguvu yote ya mota hukosa pa kwenda na mashine nzima huruka. Hatari huzidi iwapo kilichogusa jiwe ni sehemu ya juu ya mbele ya diski, kwa maana hapo mashine humrukia mtu mwenyewe. Ndiyo sababu fundi husimama pembeni mwa mstari wa diski, miguu imetanuka, na jiwe analolikata ameliegemeza pande zote mbili za mkato ili lisijifunge katikati. Kufanya kazi juu ya usawa wa mabega, au akiwa juu ya ngazi, ni jambo analolikwepa. Na akimaliza, haweki grenda chini hadi diski isimame kabisa.

Ustadi huo unaonekana kwenye mambo madogo. Kukata pembe ya ndani kwenye kigae cha poseleni, kwa mfano, ili kizunguke bomba: fundi mzuri hutoboa kwanza tundu dogo la mviringo pale kwenye kona, kisha hukata kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa, na tundu huuzuia. Kwenye ukuta pia hupima kina. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza huweka ukomo wa theluthi moja ya unene wa ukuta kwa mfereji wa wima, na sehemu moja ya sita kwa ule wa mlalo. Kwa ukuta wa milimita 150, hizo ni milimita 50 na 25. Anakata mistari miwili, katikati anamalizia kwa nyundo na patasi.

Kisha kuna vumbi, adui asiyetoa damu. Zege, jiwe la mchanga, itale na vigae vina silika, na grenda huisaga kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho zinazoshuka hadi mwisho wa mapafu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Pia huleta silikosisi, kovu la mapafu, na humwongezea mtu uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa yenye silika kuanzia Julai 1, 2024, baada ya vijana wanaokata meza za jikoni kuugua. Husemwa kinga ni bora kuliko tiba. Silikosisi haina tiba ya kuiponya, imebaki kinga peke yake.

Leso puani haichuji chembe hizo. Kinachosaidia ni barakoa ya N95 au FFP3 iliyokaa sawasawa usoni, kifuniko cha diski kinachounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, au maji. Na maji yana masharti. Tumezoea kumwona saidia fundi akimwagia diski maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, huku mashine ya umeme wa nyumbani ikinguruma mikononi mwa mwenzake. Grenda ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili hiyo, maji yakiingia kwenye mota mshikaji anaweza kupigwa shoti. Kwa kukata na maji kuna mashine ya meza yenye beseni, au grenda iliyoundwa na njia yake ya maji, nayo ichomekwe kwenye kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme unapovuja. Ongeza miwani inayoziba pande zote, na vizuia kelele, kwani grenda huzidi desibeli 90. Nguo zisining'inie, na vumbi lisifagiliwe kavu.

Mafundi wengi wanayajua haya. Kinachowashinda ni namna tunavyowalipa. Anayelipwa kwa mita, akaambiwa amalize kabla ya Ijumaa, ataruka mkato wa kuchora, atatumia diski iliyopo, atang'oa kinga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania, na ya mwaka 2007 nchini Kenya, zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kwenye nyumba zetu za kujenga polepole, ambako mkataba ni simu na mkandarasi hayupo, sisi tunaotoa pesa hatuna wa kumsukumia wajibu huo.

Basi unapoandika bajeti ya ujenzi, pale baada ya saruji na nondo, weka diski inayolingana na jiwe lako, miwani, na barakoa za fundi na za saidia wake. Ukikuta grenda saitini haina kinga, simamisha kazi hadi irudishwe. Na umlipe fundi kwa kiasi kinachomruhusu kukata mara nne pale ambapo mwenye haraka angekata mara moja.