Miiko

Kaloleni, Arusha, kwenye Barabara ya Makongoro, jirani na Mnara wa Mwenge, pana jengo la zamani ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwaka 1967 lilikuwa ukumbi wa jamii. Januari ya mwaka huo Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa humo, na Februari 5 Azimio likatangazwa. Kiongozi akakatazwa kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba. Makatazo hayo tunayaita miiko ya uongozi.

Kwa Kiingereza yalipewa jina la kisheria, sawa na kusema kanuni. Lakini kanuni ukiivunja unalipa faini, yakaisha. Mwiko ukiuvunja unakudhuru wewe na watoto wako. Hilo bibi wa kijijini hahitaji kuelezwa. Neno moja la nyumbani limebeba sheria nzima, na asipopatikana wa kulivusha salama, ng'ambo inafika karatasi tupu. Kwa hiyo nawasifu wakalimani.

Mtazame mmoja ndani ya kibanda chake cha kioo, vipokea sauti masikioni. Msemaji wa Kiingereza hutanguliza sifa, ukubwa na upya, jina akaliweka mwisho. Mkalimani wa Kiswahili atasemaje? Mikubwa, makubwa au vikubwa? Hajui mpaka jina lifike, maana ngeli ndiyo inayoamua. Anazishika sifa kichwani huku anasikiliza. Jina likitua anazitoa kwa mpangilio: vikwazo vipya, vikubwa. Msemaji keshafika sentensi ya pili. Ndiyo maana hukaa wawili, wakapokezana kila nusu saa hivi.

Arusha inaujua uzito wa kazi hii. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa mjini hapa hadi 2015, mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, majaji wakasikiliza Kiingereza na Kifaransa. Kwenye kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hukumu mwaka 1998, aliitwa mtaalamu wa lugha kufafanua maneno kama inyenzi. Kamusi itakwambia ni mende. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, aliyeitwa hivyo alikuwa anatafutwa auawe.

Julai 2022, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hapa hapa Arusha, waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilifurahi sana. Ila kuzaliwa na Kiswahili si kusomea ukalimani. Wasomesheni vijana, waajirini, na hotuba wapeni mapema wazisome kabla ya kikao.