Kabla ya Kuitika Hodi

Ua uko nyuma ya duka la fundi redio, mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya Babati. Vifaa vya kazi ni vichache: kigoda, sahani ya bati, tonge la ugali uliopoa, na matofali mawili yaliyowekwa chini yakitazamana. Anayepita katikati ya matofali hayo ameingia nyumbani kwa mtu. Jua linazama, mwanga umebaki kileleni mwa Mlima Kwaraa, na fundi mwenyewe ameshafunga duka. Mchana anatengeneza redio. Jioni anafundisha vijana wawili kuchekesha.

Kisa wamekubaliana kwa mdomo. Mtu ana deni. Ametangaza mtaa mzima kwamba anaumwa, hajaonja chakula siku tatu. Sasa anakula, na mwenye fedha zake anabisha hodi. Mwalimu amewaambia mwanzo, katikati na mahali pa kuishia. Maneno watayaokota wenyewe njiani.

Utaratibu huo una wenyewe. Miaka ya 1980, vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano Cultural Troupe vilimpa mtazamaji ngoma, taarabu, sarakasi, kichekesho na igizo kwa kiingilio kimoja, na wachekeshaji walipanda jukwaani na kisa kichwani bila ukurasa wa kukariri. Huo ndio uandishi wao. Mtunzi na mwigizaji walikuwa mtu mmoja, akitunga huku watu wanamtazama. Jukwaa ndilo lililokuwa pia shule ya marehemu Amri Athumani, ambaye Tanzania nzima ilimwita Mzee Majuto au King Majuto. Picha yake imebandikwa juu ya meza ya fundi, kati ya spika kuukuu mbili.

Kijana wa kwanza anakaa kwenye kigoda. Anamega, anatia mdomoni. Mwenzake, binti wa miaka ishirini hivi, anasimama nje ya matofali.

“Hodi!”

Kijana anaruka, anatumbua macho, anaangusha sahani. Mimi nacheka. Mwalimu hacheki.

“Umeshamaliza kichekesho,” anamwambia kwa upole. “Mgeni hajaingia na wewe huna tena cha kufanya.”

Anawaita ndani ya duka, anawasha deki, anatia CD ya Majuto iliyokwaruzika. Kisha anafanya jambo ambalo sikulitegemea: anazima sauti. Anawataka watazame macho peke yake. Wakishatazama, anarudisha nyuma, anawasha sauti na kuwageuza waelekee ukutani, wasikilize bila kuona. Mara ya tatu anawaruhusu vyote viwili. Nimemtazama Majuto tangu enzi za kibanda umiza cha video, watu arobaini tumebanana kwenye mabenchi, na sikuwahi kuona kilichokuwa mbele yangu siku zote. Mzee huyu anasikiliza. Mwenzake anapozungumza, uso wake unafanya kazi kuliko wa anayezungumza. Neno linaingia, linapimwa, linaeleweka vibaya, na tamaa inaanza kuchomoza pembeni mwa jicho kabla mdomo haujafunguka. Jibu linapotoka, sisi tumeshacheka nusu yake.

Mapumziko yale mafupi, kati ya kusikia na kujibu, yalimchukua maisha yake kuyatengeneza. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza mwaka 1958, bado mtoto. Hesabu mwenyewe mpaka 2018: miaka sitini ya kazi moja. Alianzia jukwaani, ambako mkono lazima uinuke juu ili mtu wa kiti cha nyuma auone. Zikaja kanda za video, zikafuata CD, na kamera ikasogea karibu na uso kiasi kwamba nyusi moja ilitosha. Waigizaji wengi wa jukwaa walishindwa hapo. Waliendelea kupiga kelele kwenye kioo cha luninga kana kwamba wako uwanjani. Yeye alipunguza. Ule mwili wa jukwaani aliuweka tayari kwa dakika aliyouhitaji, na muda uliobaki aliufanya uwe mdogo.

Vibanda vyetu vimemcheka sana pia Mister Bean, na fundi ana CD zake. Rowan Atkinson, Mwingereza aliyesomea uhandisi wa umeme kabla uigizaji haujamchukua, alimtunga mhusika huyo pamoja na waandishi wenzake, na kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 1 Januari 1990. Alimwondolea maneno karibu yote, ndiyo maana Bean alivuka mipaka bila mkalimani. Majuto alibaki na maneno, na kwa mji kama Babati naona hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi. Hapa mtaa mmoja una Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kimbugwe, na Kiswahili cha kila nyumba kina ladha yake. Kuja na lafudhi ya Tanga, ukaongea kwa kasi ya mtu wa pwani, na bibi wa Kiiraqw akacheka mahali palepale alipocheka dereva wa lori kutoka Singida, ni ufundi wa kupima kila neno lina uzito gani likimfikia asiyekulia nalo.

Tunarudi uani. Mwalimu anamwonyesha kijana hatua kwa hatua, kama anavyomwonyesha mwanafunzi wake wa redio mahali pa kugusa risasi ya kulehemu. Kwanza, tonge libaki mdomoni. Usilitafune, usilimeze. Pili, shingo isigeuke, sikio ndilo liende mlangoni. Tatu, mkono ulio kwenye sahani ufunike ugali polepole, maana mkono umeelewa hatari kabla ya kichwa. Nne, sasa ndipo macho. Na kuitika hodi ni mwisho wa yote, kwa sauti ya mgonjwa, huku tonge lingali ndani.

Wanarudia. Mara ya pili shingo inatangulia. Mara ya nne mkono unafunika haraka mno. Mara ya sita binti anachoka kungoja, anaingia kabla ya kukaribishwa, na mwalimu anamwambia kuwa kungoja kwake ndiko kunakombeba mwenzake. Majuto alilijua hilo. Tazama alivyocheza na Sharo Milionea, Hussein Mkiety wa Muheza, kijana wa mapozi na mwendo wa kisharobaro. Mzee aliyempita kwa miaka mingi ya jukwaa angeweza kumfunika. Alimwachia nafasi, akasimama pembeni akimshangaa, na mshangao huo ukawachekesha watu mara mbili. Sharo alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza, Novemba 2012.

Inaniuma kusikia kazi hii ikiitwa kipaji tu, kama kwamba aliamka nacho asubuhi. Neno hilo linamnyima mtu jasho lake. Majuto alipougua mwaka 2018, nchi ilikuja kujua pia jinsi sura yake ilivyotumika kwenye matangazo bila yeye kunufaika inavyostahili. Aliyekuwa waziri wa sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya wanasheria kuipitia mikataba. Mzee alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti 2018 akafariki Muhimbili. Alizikwa Tanga.

Fundi alikuwa dukani siku hiyo. Ananiambia kuwa aliweka CD yake na kuacha deki izunguke mpaka jioni bila kumwita mtu. Waliopita njiani waliingia wenyewe, wakasimama.

Giza limekaribia. Binti anarudi nje ya matofali, anashusha pumzi, mikono nyuma.

“Hodi.”

Tonge limo mdomoni. Kijana hageuki. Kitambo kinapita, kirefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuvumilia, na hakuna kinachosogea isipokuwa vidole vinne vinavyotambaa juu ya sahani. Nje ya ua, mama aliyekuwa akipita na ndoo kichwani amesimama. Binti hasemi kitu. Macho ya kijana yanaanza safari kutoka kwenye sahani, yanapanda, yanafika mlangoni.

“Ka… ri… bu,” anaitika, kwa sauti ya mtu aliyelala siku tatu.

Mama anacheka mpaka anashika ndoo kwa mikono miwili. Mwalimu anainama, anaokota tofali moja lililosogea, analirudisha mahali pake.

“Tena,” anasema.

Kijana anatoa tonge mdomoni na kulirudisha kwenye sahani.