Utando wa Madini ya Risasi Mtutuni: Soma Kwanza, Usugue Baadaye

Shotgani ya mlinzi wa jineri ya pamba ikifunguliwa na mtutu wake kuelekezwa dirishani, mara nyingi huonekana michirizi ya kijivu iliyofifia, imelala kwa urefu kwenye chuma. Si vumbi wala masizi, na kitambaa chenye mafuta hupita juu yake bila kuiondoa hata kidogo. Ni madini ya risasi yaliyobanduka kwenye marisau au kwenye kichwa cha risasi na kunata mtutuni. Wenye silaha wengi hapa Somanda, na Bariadi kwa jumla, wakiiona michirizi hiyo hukimbilia mdeki na kusugua kwa nguvu mpaka mkono uchoke. Naona hapo hatua moja inarukwa. Kabla ya kuyatoa madini hayo ni lazima uangalie yameganda wapi, kwa sababu mahali yalipoganda ndipo panapoeleza yalikujaje, na asiyejua yalikujaje atayasugua tena mwezi ujao.

Madini ya risasi ni laini, ukucha unaweza kuyakwaruza, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu. Gesi ya baruti inayowaka ndani ya chemba ina joto la kupita 2,000. Madini hayayeyuki yote kwa sababu yanakaa kwenye joto hilo kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Lakini kichwa cha risasi kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi hupenya pembeni, hukwangua kingo zake na kuyatawanya madini mbele ya safari. Utando wa namna hiyo hukaa karibu na chemba, umbali mfupi tu baada ya risasi kuondoka kwenye ganda. Ukiukuta hapo, tatizo ni kipimo cha risasi.

Utando ulioko mbele, karibu na mdomo wa mtutu, una chanzo kingine. Hapo risasi imesafiri ikiwa imepakwa nta au mafuta, kilainishi kimeisha njiani, na sehemu ya mwisho imekwenda kavu, chuma kikiikwaruza. Na ukikuta mabaka yametapakaa hovyo katikati, shuku kutu. Mtutu ulioachwa na unyevu masika nzima hupata vishimo vidogo, na kila kishimo hufanya kazi ya tupa.

Shotgani ina mambo yake. Sehemu mbili hukusanya madini kuliko nyingine: pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba mbele ya chemba, na kwenye koo, mwishoni kabisa, panapobanwa ili marisau yasitawanyike mapema. Tangu miaka ya 1960 viwanda vimekuwa vikiyaweka marisau madogo ndani ya kikombe cha plastiki, hivyo hayagusi mtutu. Lakini risasi za SG zenye punje kubwa, ambazo walinzi huzipenda, nyingi hujazwa bila kikombe. Punje za pembeni hukwaruza chuma moja kwa moja. Mwenye kutumia SG asishangae kuuona utando ambao mwenzake anayepiga kanga kwa marisau madogo hauoni.

Tatizo hili nchi hii ililijua mapema. Jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, liliingia Vita Kuu ya Kwanza sehemu kubwa ya vikosi vyake ikibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilitumia baruti nyeusi, na katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 moshi wake uliwafichua wapigaji. Moshi huo umeandikwa sana, ila ufundi wa risasi yenyewe haukuandikwa vya kutosha. Ilikuwa kipande cha madini laini cha gramu 25 hivi, kikisukumwa na gramu 5 za baruti katika mtutu wa milimita 11 wenye mifereji inayozunguka. Kwa hesabu ya kawaida mtutu ule ungejaa utando kwa mapigo machache.

Haukujaa, kwa sababu kila risasi ilizungushiwa karatasi nyembamba, na chini yake palikuwa na kizibo cha nta kilichobanwa kati ya vipande vya karatasi ngumu. Karatasi ndiyo iliyoshika mifereji, ikasafiri na risasi hadi mdomoni, kisha ikachanika na kuanguka hewani. Madini hayakugusa chuma. Nta nayo iliziba njia ya gesi na kulainisha masizi kwa ajili ya risasi inayofuata. Kwangu mimi huu ndio ufundi bora kabisa katika habari nzima hii: waliotengeneza silaha ile hawakuanza kwa kutafuta brashi nzuri zaidi, walizuia mguso. Mswisi Eduard Rubin alifuata njia hiyohiyo mwaka 1882 alipoivika risasi koti la shaba, na ndiyo maana bunduki za kivita za leo, pamoja na zile kubwa za kupigia nyati na tembo, huacha mtutuni shaba badala ya madini ya risasi.

Gobore limekwepa tatizo kwa sababu nyingine kabisa. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia bunduki zenye mifereji na za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, huku za gumegume zenye mtutu laini zikiachiwa mlango kwa masharti. Kwa hiyo silaha iliyobaki mikononi mwa wakulima na wawindaji wa bara ilikuwa ya mtutu laini, inayojazwa kwa mbele, yenye nafasi kati ya risasi na chuma, na nafasi hiyo huzibwa kwa kitambaa au nyuzi. Uchafu wake mkubwa ni chumvi za baruti nyeusi, nazo hutoka kwa maji ya moto. Madini ya risasi hayajali maji. Anayeliosha gobore, akalikausha na kulipaka mafuta amemaliza kazi. Kwa shotgani au bunduki ndogo ya .22 kazi bado.

Hakikisha silaha haina risasi, chungulia chemba kwa macho, na risasi zenyewe ziweke chumba kingine. Paka ndani mafuta mepesi ya kupenya, yale ambayo mafundi pikipiki hufungulia nati zilizoshika kutu, kisha acha usiku kucha. Mafuta hayayeyushi madini. Hujipenyeza chini ya utando na kuulegeza. Asubuhi pitisha brashi ya shaba kutokea upande wa chemba pale muundo wa silaha unaporuhusu, ili mdeki usiule mdomo wa mtutu, kwani ulengaji unategemea mzunguko wa mdomo huo. Brashi ipite mtutu mzima na kutoka kabisa kabla ya kuirudisha. Ukiigeuza katikati nyuzi zake hukunjika na haifai tena.

Utando mgumu unataka nyuzi za shaba zilizozungushwa kwenye brashi kuukuu mpaka ibane. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu na ngumu kuliko madini ya risasi, kwa hiyo huondoa kimoja na kukiacha kingine. Tahadhari na stiliwaya za kusugulia sufuria zenye rangi ya shaba: nyingi ni chuma kilichopakwa rangi hiyo juu tu. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikishika, irudishe jikoni. Ukiwa na shaba halisi, baada ya kupitisha mara kadhaa kitambaa cheupe cha marekani kitatoka na vipande vyembamba vinavyometameta mithili ya karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Endelea mpaka kitambaa kitoke bila kumeta na mdeki uteleze kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Mkono hutambua baki la utando kabla ya jicho.

Iko njia ya kale ambayo lazima niiseme, kwa kuwa kwetu Kanda ya Ziwa kifaa chake kiko karibu mno. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliziba mtutu upande mmoja, wakamimina zebaki, wakauyumbisha. Zebaki hula madini ya risasi na kuchanganyika nayo, lakini haigusi chuma. Ndiyo maana hata biashara yake imesafirishwa kwa chupa za chuma. Kama ufundi, inafanya kazi kweli. Kama jambo la kufanyia nyumbani, ni hatari kubwa. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, mvuke usio na harufu, unaoharibu ubongo na figo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaozoea kuishika kwa mikono mitupu tayari wanabeba mzigo huo. Asiongezwe mwenye bunduki.

Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi nao ni vilevile. Utando hutoweka kwa dakika chache kwa sababu umegeuka chumvi ya sumu inayoyeyuka kwenye maji, na ukichelewa kuumwaga mchanganyiko huo, huanza kula chuma chenyewe. Wengine hupiga risasi mbili tatu zenye koti la shaba ili zisukume uchafu nje. Katika mtutu uliojaa, njia hii hupandisha mgandamizo na kuubandika utando zaidi.

Hata njia salama inatoa sumu. Vumbi la kijivu kwenye vitambaa ni madini yaleyale ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango salama mwilini, na watoto huyafyonza kuliko watu wazima. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na watoto, usile wala kuvuta sigara, nawa kwa sabuni. Vitambaa vifungwe kwenye mfuko, visichomwe, wala visitupwe kwenye jalala ambalo kuku wanachakura.

Mtutu ukishasafishwa, siku silaha itakapotumika kihalali chungulia tena baada ya mapigo machache. Michirizi ikirudi karibu na chemba, badilisha aina ya risasi. Ikirudi kwenye mabaka yaleyale ya katikati, vishimo vya kutu vimeshachimba, na hapo brashi haina la kufanya: peleka silaha pamoja na kibali chako kwa fundi mwenye leseni.