Mikono Inayohesabu Kura ya Diwani

Kazi ya kwanza ya msimamizi wa kituo cha kura ni kuonyesha kwamba sanduku ni tupu. Hulinyanyua, hulipindua mdomo chini mbele ya mawakala wa vyama, huwaacha wachungulie, kisha hulifunga na kuzikaza lakiri moja baada ya nyingine. Namba za lakiri husomwa kwa sauti na kila wakala huzinakili. Mpigakura wa kwanza anapoingia saa moja asubuhi, watu wasioaminiana hata chembe wameshakubaliana jambo moja: humu ndani hamna kitu.

Kadiri ninavyofuatilia chaguzi za madiwani hapa Arusha, ndivyo ninavyozidi kuistahi kazi hii. Wengi wanaoifanya ni walimu na watumishi wengine wa umma. Wanakula kiapo cha kutunza siri, wanapewa mafunzo mafupi, halafu wanakaa kwenye darasa la shule ya msingi, Ngarenaro au Unga Limited, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Wazee wanawasalimia, vijana wanawaamkia: “Shikamoo, mwalimu.” Mwalimu anaitikia, anatafuta jina kwenye orodha, analitamka kwa sauti ili mawakala nao walikague, anagonga muhuri nyuma ya karatasi, anaikunja mbele ya mpigakura ili ajue namna ya kuikunja mwenyewe atakapotoka kwenye kituturi. Kidole kidogo kinachovywa wino. Anayefuata.

Kukunja karatasi kunaonekana jambo dogo. Lakini karatasi iliyokunjwa vibaya huonyesha alama ya vema kwa kila aliyeketi chumbani, na muhuri usipoonekana kwa nje, msimamizi hana njia ya kujua kama karatasi inayotumbukizwa ndiyo ile aliyoitoa. Mkunjo mmoja unaficha chaguo na papo hapo unafichua uhalali. Aliyeubuni alikuwa fundi.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Karatasi iliyochapwa na serikali na kujazwa faraghani ilianza katika makoloni ya Australia, Victoria na South Australia, mwaka 1856. Uingereza iliichukua mwaka 1872. Kabla ya hapo, katika miji ya viwanda kama Manchester na Leeds, aliyemchagua diwani alikabidhi karatasi yenye jina na saini yake mwenyewe, kwa hiyo mwenye kiwanda au mwenye nyumba akitaka kujua, alijua. Uchaguzi wa kwanza wa siri wa mbunge nchini humo ulifanyika katika mji wa Pontefract tarehe 15 Agosti 1872, na sanduku lake lilipigwa lakiri ya nta kwa chapa ya kiwanda cha peremende cha mjini hapo. Sanduku hilo limehifadhiwa hadi leo. Napenda kuwafikiria makarani wale, wakifanya kazi ambayo hakuna mkubwa wao aliyewahi kuifanya.

Huku kwetu kura ilichelewa, na ilipokuja ilikuja imepinda. Wameru walioondolewa na serikali ya kikoloni kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 hawakuwa na mbunge wa kumtuma. Walichanga fedha, na Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mwaka 1958 Tanganyika ikapata uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na aliyeacha mojawapo kura yake ilikuwa bure. Haki ya kupiga kura yenyewe ilipimwa kwa kipato, elimu au cheo. Ndipo Sophia Mustafa wa Arusha alipoingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Waasia cha Jimbo la Kaskazini, akiungwa mkono na chama cha TANU. Utaratibu ule haukuwa wa haki, ila wapigakura waliusoma, wakafundishana kuujaza bila kosa, wakautumia kuwashinda waliouweka. Nao ulikuwa ufundi.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Saa kumi jioni askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Waliomtangulia wote watapiga kura, atakayekuja baadaye hapigi. Foleni ikiisha, kituo hugeuka kuwa chumba cha hesabu. Kwanza karatasi: zilizopokewa ni ngapi, zilizobaki ngapi, zilizoharibika ngapi. Iliyoharibika ni ile ambayo mtu alikosea akairudisha akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa ni nyingine kabisa, hiyo imetoka sandukuni na haielezi inamtaka nani. Karani anayechanganya hizo mbili atakesha. Katika uchaguzi mkuu huanza kura za Rais, zikafuata za mbunge, na za diwani zikaja mwisho. Zinafikiwa macho yamechoka na taa ni hafifu. Hata hivyo kila moja hufunguliwa, huinuliwa juu, huonyeshwa mawakala upande huu na upande ule, ndipo inawekwa kwenye fungu lake. Vema iliyopita mstari kidogo hujadiliwa kwa dakika nyingi, na ni sawa ijadiliwe, kwa sababu kata moja inaweza kuamuliwa na kura chache.

Diwani hushiriki kuamua soko litajengwa wapi, na ndiye anayempigia kura meya. Arusha inalijua hilo kwa gharama kubwa. Mzozo wa kumpata meya baada ya uchaguzi wa 2010 ulizaa maandamano ya tarehe 5 Januari 2011, na watu wakauawa. Mzozo huohuo uliacha kata nne bila madiwani: Kaloleni, Themi, Elerai na Kimandolu. Tarehe 15 Juni 2013, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi hizo, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa chama cha upinzani cha CHADEMA katika viwanja vya Soweto, likaua. Uchaguzi ukaahirishwa hadi tarehe 14 Julai. Siku hiyo, katika baridi ya Julai ya Arusha, wasimamizi walionyesha masanduku matupu kama kawaida, wakasoma namba za lakiri, wakahesabu. CHADEMA ilishinda kata zote nne, matokeo yakatangazwa hivyo.

Sisemi kwamba mikono ya makarani inatosha. Inaweza kufanya kila kitu sawasawa, na ngazi ya juu ikaharibu. Mawakala wakifukuzwa chumbani, hata mkunjo bora wa karatasi haumlindi mtu. Ninachosema ni kwamba pale kituoni ndipo ukweli unapoandikwa kwa mara ya kwanza, kwa kalamu, mbele ya mashahidi, na wanaouandika wanastahili posho inayolingana na usiku huo, chakula, na ulinzi.

Nawe mpigakura una sehemu yako. Kura zikishahesabiwa, nakala ya fomu ya matokeo hubandikwa nje ya kituo. Usiridhike na wino kidoleni. Rudi pale shuleni, simama mbele ya fomu, isome hadi saini za mawakala, na unakili idadi ya kura za diwani wa kata yako.