Ubavu wa Nyumba ya Matofali

Nyumba nyingi za biashara mjini Bariadi zimejengwa zitazamwe kutoka barabarani: baraza, milango ya fremu, plasta, rangi, na mara nyingi rangi yenyewe ni ya kampuni ya simu. Mimi huzunguka ubavuni. Huko matofali ya kuchoma yako wazi, dirisha hakuna, saruji imefura katikati ya mistari na hakuna aliyeikwangua. Ukuta huo haukusahaulika. Unamngoja jirani aje ajenge pembeni yake.

Msonge wa Wasukuma haukuwa na ubavu. Mviringo haushikani na mwenzake. Ukuta wa pembeni ulienea huku pamoja na duka, wafanyabiashara wa Kiasia walipoifuata pamba na reli ilipofika Mwanza mwaka 1928. Tangu Simiyu iwe mkoa, mwaka 2012, na Bariadi makao makuu yake, fremu zimezidi kubanana.

Philadelphia, Marekani, kuna kichochoro kiitwacho Elfreth's Alley, chenye nyumba za matofali za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, nazo zimebanana vivyo hivyo. Wajenzi wa zama hizo walipenda kupamba uso wa nyumba kwa kupishanisha matofali, moja limelala kwa urefu, linalofuata limetoa kichwa. Nyuma na ubavuni waliridhika na mpango wa haraka. Barabara iliheshimiwa huko kama inavyoheshimiwa kwetu, ila wao walilionyesha tofali, sisi tunalifunika.

Tunalifunika kwa sababu tanuri letu halichomi sawasawa. Matofali yaliyokaa karibu na moto hutoka meusi, mengine yamepinda. Ya pembezoni hubaki mekundu hafifu, hunyonya maji. Ubavuni yamechanganywa yote, na kwa macho yangu mchanganyiko huo unapendeza kuliko rangi yoyote ya dukani.

Ila ubavu hauna huruma kwa fundi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, msingi ukasogea. Ufa ukipanda ngazi ngazi kwenye maungio, hilo ni jambo la kuziba. Ukikata matofali yenyewe, saruji ilikuwa kali kuliko tofali. Wale wa Philadelphia walijengea chokaa, laini kuliko tofali, na ukuta uliposogea kilichoachia ni maungio.