Umbali wa Sauti: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Muziki

Miongoni mwa miswada ya istilahi tuliyopata kuipitia, umo mmoja wa somo la muziki uliokusudiwa kuwasaidia walimu kuwafundisha wanafunzi kutambua kwa sikio, na kuimba, tofauti ya kimo baina ya noti mbili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, istilahi zake tatu hatuna budi kuzipinga.

Kwanza, tofauti hiyo imeitwa "nafasi". Neno hilo tayari linahitajika kwa zile nafasi nne zilizo baina ya mistari mitano ya kuandikia noti. Si vema neno moja libebeshwe mizigo miwili katika somo moja. Twaona "umbali" ni bora.

Pili, umbali wa do hadi mi umeitwa "sauti ya tatu". Hapa pana hatari. Katika kwaya zetu sauti ya kwanza ni soprano, ya pili ni alto, ya tatu ni tenori na ya nne ni besi. Mwalimu akiamuru, "Imbeni sauti ya tatu," wataitika tenori peke yao. Twapendekeza "umbali wa noti tatu", kwani noti ya kuanzia nayo huhesabiwa: do, re, mi. Yafaa ikumbukwe kuwa do hadi mi ikiungwa na mi hadi so, jumla si noti sita bali tano, kwa kuwa mi imehesabiwa mara mbili. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili atalilaumu sikio lake bure, kumbe kosa ni la istilahi.

Tatu, mwandishi ametofautisha umbali "wa furaha" na "wa huzuni". Do hadi mi ni nusu toni 4. Mi hadi so ni nusu toni 3. Umbali wote huu wawili umo ndani ya mwafaka mmoja wa do, mi, so. Je, mwafaka huo una furaha au huzuni? Hisia ni za msikilizaji, wala si kipimo. Yatosha kusema "umbali mkubwa" na "umbali mdogo" wa noti tatu.

Wala nusu toni isidhaniwe kuwa kipimo cha muziki wote. Ilimba ya Wagogo haikupangwa kwa nusu toni 12 zilizo sawa kama za piano. Neno "umbali" laweza kuutumikia muziki huo pia.

Istilahi za muziki hazipimwi mezani tu. Mwalimu na aimbe do, aombe umbali wa noti tano kwenda juu. Mwanafunzi apite do, re, mi, fa kimoyomoyo, kisha atoe so. Akiipata bila kuuliza maana ya maneno, istilahi imefaulu. Tungefurahi walimu wakituarifu matokeo ya jaribio hilo madarasani mwao.